Fedha za Mguu wa Josephati

Watu wa Ganako wakimtaja Evarista huanza na pombe yake, wakaja kwenye ulimi wake, na dini yake hawaigusi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mwenye mabega ya mpasua kuni na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo. Walimwita Mama Tluway, kwa jina la mwanawe wa pekee aliyekuwa fundi rangi huko Arusha. Alipika pombe ya mtama na kuiuzia uani kwake. Jumapili wanaume walitoka kanisani wakiwa bado wanamalizia amina ya mwisho, wakashuka moja kwa moja mpaka kwake, hata katekista akawa anamhubiri Evarista kuliko anavyomhubiri Shetani. Evarista hakukasirika. Alisema mahubiri yale yanamletea wateja kutoka mpaka Rhotia, na kwamba angekuwa na haya angempelekea katekista kibuyu cha shukrani.

Mtu aliyemwingiza katika mambo ya serikali ni jirani yake, Josephati, kibarua wa barabara aliyepoteza mguu wa kushoto mwaka sabini na saba, kwenye ile barabara ya kupanda kwenda geti la Ngorongoro. Namna alivyoupoteza ilitegemea nani anauliza. Mtalii aliyesimama Karatu kununua ndizi aliambiwa ni simba. Watoto waliambiwa ni mamba, ingawa Ganako nzima haina maji ya kumtosha mamba kuoga. Padri aliambiwa ni mapenzi ya Mungu. Ukweli ni kwamba baada ya chakula cha mchana Josephati alijilaza kwenye kivuli cha gredi la kusawazisha barabara akapitiwa na usingizi, na dereva wa gredi, aliyekuwa amelala juu ya kiti chake, akatangulia kuamka.

Aliporudi kutoka hospitali na magongo mawili, serikali ilisema atalipwa posho ya ulemavu kwa miaka minane. Hatapewa zote kwa mkupuo, bali kidogo kidogo, kila baada ya miezi mitatu. Wakati huo Karatu ilikuwa bado chini ya Mbulu, kwa hiyo afisa wa ustawi alitoka Mbulu na Landrova, siku ambazo petroli ilipatikana, akaja kulipa pale Karatu. Tena kulikuwa na sharti. Wakubwa walikuwa wamemwuliza mnyapara wa barabara kama Josephati ni mtu wa kuweza kutunza fedha, mnyapara akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kile kikaingia kwenye faili. Ikaamuliwa Josephati awe na msimamizi wa kumpokelea na kumtunzia.

Usimamizi ukaenda kwa kaka yake, Martini, mwimbaji wa kwaya, mtu wa shati jeupe. Malipo ya kwanza Martini alinunua baiskeli, akaeleza kuwa ni ya kumpeleka mgonjwa zahanati. Malipo ya pili akanunua koti, maana asingeweza kumpeleka mgonjwa zahanati akiwa amevaa ovyo. Ya tatu yakaenda kwenye redio, ili ndugu yake asipate upweke, na redio ikakaa nyumbani kwa Martini, ambako upweke ulikuwa mkubwa zaidi.

Afisa wa ustawi alikuwa kijana wa kutoka Loliondo, jina lake Metui, mwana wa wafugaji aliyechukuliwa shule kwa nguvu na kuishia kuipenda. Alikuwa mpole na mwenye subira ya mtu aliyechunga ndama. Siku moja alimwuliza Josephati fedha zile zimemsaidia nini.

"Nimenunua baiskeli," Josephati akajibu. "Ila bado sijajifunza kuipanda."

Metui alitazama ile suruali iliyokunjwa na kubanwa kwa pini gotini, akatazama koti la Martini, akasema atafutwe msimamizi mwingine, na safari hii mwenyewe Josephati achague.

Josephati hakuhitaji muda wa kufikiri. Alimtaja Evarista. Mbele ya Metui alisema ni mama mwadilifu, mjane, mcha Mungu. Moyoni hesabu yake ilikuwa nyepesi: fedha zikikaa kwa muuza pombe, zitageuka pombe zenyewe bila mtu kuzisukuma.

Metui akaenda kumwona huyo mama mcha Mungu, akamkuta amepanda juu ya kigoda anakoroga pipa kwa mwiko mrefu kama kasia, huku akimtukana mteja mmoja ukoo hadi ukoo. Alimweleza shabaha yake. Evarista aliuliza swali moja tu, kama ndugu wa Josephati wana haki yoyote juu ya fedha hizo. Metui akasema hawana. Evarista akashuka kwenye kigoda, akafuta mikono, akasema amekubali.

Swali lile lilikuwa na historia. Mumewe alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mzungu huko Oldeani, na alipokufa yakaja malipo yake. Shemeji zake walikwenda kuyapokea kwa niaba ya mjane, wakarudi baada ya juma zima na nyimbo nyingi na blanketi moja. Blanketi lile alilitumia mpaka likawa tambara la kufunikia pombe, na kila alipolifunua pipa aliwakumbuka shemeji zake kwa majina.

Habari ikaenea kwamba fedha za serikali zimekabidhiwa kwa mama pombe. Katekista alisema dunia imefika ukingoni. Martini alisema ndugu yake ameingizwa mdomoni mwa fisi. Josephati alinyoa ndevu.

Siku ya malipo ya kwanza chini ya utawala mpya, Josephati aliteremka uani kwa Evarista mapema, akaketi kwenye benchi la mbele ambalo kwa kawaida hukaliwa na wenye nazo, akaagiza bakuli kubwa, akaagizia na wenzake.

"Una hela?" Evarista akamwuliza.

"Unazo wewe, Mama Tluway."

"Nilizonazo ni za mguu wako. Mguu haunywi."

Wanaume wakadhani ni mzaha. Josephati naye akacheka, akasubiri bakuli. Jua lilipanda, likateremka, na bakuli halikuja. Kuanzia siku hiyo Josephati akawa mtu pekee katika Ganako asiyeweza kupata pombe kwa Evarista kwa kukopa, kwa kuomba, wala kwa kuimba. Kama alitaka kunywa, aje na fedha aliyoitolea jasho mwenyewe. Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa karibu na pombe inayochemka bila kutafuta njia, akajifunza kukata katambuga kutoka matairi makuukuu aliyookotewa gereji za Karatu. Watu walitania kwamba fundi wa mguu mmoja atashona viatu vya upande mmoja, lakini vilikuwa viatu vizuri, na wafugaji walioshuka kutoka Ngorongoro siku za mnada walivipenda kwa sababu havikuogopa miiba.

Zile za posho Evarista alizigawa kwa namna yake. Kwanza alitoa unga, chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa, akampelekea Josephati hadi mlangoni, akisimama kuona kama za mwezi uliopita zimetumika au zimeuzwa. Zilizobaki alinunulia mabati. Alisema hela ni kama pombe, ukiiacha sana inachacha, na miaka ile hakukosea, maana kila malipo mapya yalikuja yamenyauka kuliko yaliyotangulia. Nyumba ya Josephati ilikuwa tembe, paa la udongo bapa kama za wazee wote wa Kiiraqw, na ilikuwa imeanza kubonyea katikati. Evarista alitaka Josephati apate paa la bati, tembe aiache imwangukie Martini.

Kupata bati lenyewe kulikuwa kazi ya kijasusi. Dukani hayakuwepo, na yalipokuwepo yaliuzwa kwa kibali, na mtoa kibali alikuwa na shangazi wengi. Evarista alinunua bati moja hapa, mawili pale, mengine kwa risiti, mengine kutoka kwa madereva waliopita na mizigo isiyoulizwa sana. Aliyapanga kwenye banda lake la mtama, akaweka mapipa ya pombe juu yake. Hakumwonyesha mtu. Josephati mwenyewe alipotaka kuyaona, alimwambia atayaona yakiwa juu ya kichwa chake.

Hapo ndipo uadui ulipoanza kwa dhati. Josephati aliona ametoka mikononi mwa kaka mla fedha na kuangukia kwa mwanamke anayezila kimya kimya. Alikwenda Karatu mjini kwenye kilabu kingine, akanywa siku mbili na kusema mdaiwa ni Evarista wa Ganako. Mwenye kilabu alipokuja kudai, Evarista alimlipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe, akamsindikiza mpaka njiani, akamweleza kwa upole, jambo lililowatisha waliomjua, kwamba akimwuzia tena mtu huyo kwa jina lake atahamishia pipa lake mlangoni pa kilabu chake na kuuza nusu bei. Josephati akakaa miezi mitatu bila sukari. Msimu mzima wa kuvuna ngano hawakusemeshana, ila kwa kupitia watu wengine, na ujumbe ule haukufaa kubebwa na Mkristo.

Vita na Uganda vilipokuja, Landrova ya Metui haikuonekana kwa muda mrefu, na posho ikasimama. Unga haukusimama. Evarista aliupeleka uleule, labda kipimo kikapungua kidogo, akauacha mlangoni na kuondoka bila salamu. Josephati aliupika, akaula, na jioni akawaambia watu kwamba yule mwanamke ananenepa kwa mguu wake. Baadhi walianza kuamini. Ilikuwa imesikika kwamba Tluway anajenga huko Arusha, na watu hawakukosa akili ya kujumlisha, hata pale ambapo hapakuwa na cha kujumlisha. Kwa kweli Tluway alikuwa amepanga chumba kimoja, na kodi alikuwa akidaiwa.

Mwaka wa themanini na tatu redio ilitangaza vita vingine, dhidi ya wahujumu uchumi. Walioficha bidhaa wasakwe. Hofu ikateremka hata kwa watu ambao utajiri wao wote ulikuwa kilo tano za sukari. Watu walichimba mashimo, walitupa, walitoa kwa ndugu wasiowapenda. Mwenye duka mmoja alimwaga sukari yake korongoni usiku, na kwa siku mbili mbuzi wa upande wa chini walikunywa chai isiyo na majani. Majirani walimshauri Evarista ayazike mabati, kwa maana kila mtu alikuwa ameshajua kuna kitu chini ya mapipa yale. Alijibu kwamba bati likizikwa linaoza, na yeye hakuweka mali ya mtu ili ije iozee ardhini kama maiti.

Mgambo wakaja asubuhi. Walihamisha mapipa, mawili yakapinduka, na pombe ikatiririka uani huku kuku wakiifuata. Chini wakakuta mabati, bunda zima lililofungwa kwa kamba, mengi kuliko yaliyokuwa juu ya paa lolote kijijini isipokuwa kanisa. Wakayabeba, na Evarista wakamwambia awafuate. Aliomba kwanza afunike pipa lililonusurika.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la kijiji. Aliyeuendesha alikuwa Thomasi, balozi wa nyumba kumi, mtu aliyezoea kukaa benchi la mbele uani kwa Evarista na ambaye siku hiyo alikuwa akimwita Ndugu Evarista kama aliyekutana naye kwa mara ya kwanza. Metui hakuwepo, Mbulu ilikuwa mbali na petroli ilikuwa hadithi. Evarista alisema mabati si yake, ni ya Josephati, yamenunuliwa kwa posho yake. Alitoa risiti alizokuwa nazo. Zilitosha nusu ya bunda.

Thomasi akaamuru Josephati aitwe. Hata waliokuja kutazama tu wakasogea karibu. Kwa miaka mitano Josephati alikuwa akimtukana mwanamke huyu kwenye kila msiba na kila harusi. Sasa neno lake moja lingempeleka Evarista mahabusu Mbulu au mbali zaidi. Martini, koti lake likiwa bado linang'aa kiasi, alikwenda kumlaki ndugu yake njiani, akatembea naye polepole, akimnong'oneza. Watu walisema baadaye alikuwa akimwambia aseme hajui lolote kuhusu mabati, yakitaifishwa yataifishwe, na usimamizi utarudi nyumbani kwa ndugu wa damu.

Josephati alifika jasho likimtoka, akaegemea magongo, akatazama lile bunda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona. Alilitazama muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa mtoto aliyeambiwa ni wake. Evarista hakumtazama. Alikuwa akiangalia kuku wa mtunza ghala.

"Unayafahamu haya mabati?" Thomasi akauliza.

"Ni yangu."

"Una hakika? Wewe mwenyewe ulisema mara nyingi kwamba huyu mama anakula fedha zako."

"Nilisema, na nilikuwa na hasira," Josephati akajibu. "Huyu mama ana roho ya jiwe. Amenibania mpaka nimesahau ladha ya pombe. Lakini fikirini wenyewe, nyote mnanijua. Mwizi angeninywesha. Angeninywesha kila siku, bure, na mimi ningemwombea kwa Mungu, na leo pasingekuwa na bati hata moja hapa la kuulizana."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengine, kisha na mgambo. Hakuna aliyeweza kupinga, kwa sababu kila mtu pale alikuwa amewahi kumnywesha Josephati kwa shabaha fulani, na shabaha ile kila mara ilifanikiwa. Martini akagundua ana shughuli nyumbani.

Thomasi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu mwenye wakubwa. Aliamua Evarista aachiwe, na mabati yenye risiti yarudi kwa mwenyewe. Yasiyo na risiti yabaki kwa uchunguzi. Uchunguzi ule ulifanyika kwa makini, na mwezi uliofuata yakaonekana yamekamilisha paa la ghala la kijiji, ambalo lilikuwa likivuja tangu lijengwe.

Njiani kurudi, Evarista na Josephati walitembea pamoja kwa sababu njia ilikuwa moja. Aliyewapita anasema hawakuzungumza ila kuhusu misumari, kwamba nayo haipatikani.

Nusu ya mabati haitoshi nyumba nzima. Josephati alitaka kusubiri, Evarista akasema kusubiri ndiko kulikowapeleka ghalani. Wakaezeka upande mmoja. Fundi alitoboa tembe ile katikati, akainua kuta za upande wa barabara, akaweka mabati, na upande wa pili ukabaki na udongo wake na nyasi zilizoota juu. Ilikuwa nyumba ya ajabu, kama mtu aliyevaa koti juu na taulo chini, na wapita njia walisimama kuitazama. Kufikia hapo katekista alikuwa ameacha kumtaja Evarista mahubirini. Badala yake alikuja kumwomba atunze fedha za ujenzi wa kanisa, kwa kuwa zilizotunzwa na wacha Mungu zilikuwa hazijulikani ziliko. Evarista alisema atafikiri. Hakufikiri.

Jambo lililomuudhi Evarista zaidi lilikuja baada ya nyumba kwisha. Josephati alilala chini ya mabati usiku mmoja, akapigwa na baridi ya Ganako kama aliyelala ndani ya sufuria, na kesho yake akahamishia kitanda upande wa tembe, ambako palikuwa na joto la tangu enzi za baba yake. Upande wa mabati alimpangisha mwalimu mgeni aliyeitwa Antonia, msichana wa shati la kola na sanduku la bati, aliyetaka nyumba ya kisasa na akaipata, baridi na vyote. Posho ilipofika mwisho wake mwaka wa themanini na tano na Metui akaja kumuaga, kodi ya mwalimu na katambuga zilikuwa zinamtosha Josephati kula, na jioni kulipia bakuli lake mwenyewe, ambalo Evarista alimjazia kama anavyomjazia mtu yeyote, bila kuzidisha hata tone.

Lakini ile ya kuhamisha kitanda haikumtoka Evarista. Alikwisha kutukanwa, akapelekwa mkutanoni, pombe yake ikanywewa na kuku, ili mtu huyu aje alale palepale alipokuwa akilala. Siku alipopata habari mvua za masika zilikuwa zimeanza, nzito zile za milimani zinazokuja bila kubisha hodi. Alijitandika gunia kichwani akapanda njia ya utelezi mpaka kwa Josephati, akamkuta ameketi kwenye kizingiti katikati ya nyumba zake mbili, anakata tairi. Mwalimu alikuwa shuleni. Mvua ilipiga yale mabati kwa kishindo ambacho mtu aliyekulia kwenye tembe hawezi kukizoea, maana tembe huipokea mvua kimya.

Evarista alisimama mlangoni akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, kidole kikielekea kitandani, kisha juu, kisha kikielekea Mbulu. Josephati aliona mdomo ukienda na mishipa ya shingo ikisimama, na hakusikia hata neno moja. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akasogea kwenye kizingiti kumpisha, akampa kigoda. Evarista akaketi, akavua gunia, akaendelea kusema, mvua ikaendelea kupiga. Baada ya muda akanyamaza, akaokota kipande cha tairi kilichoanguka, akakigeuzageuza, akamrudishia.

Mvua ilipokatika, Josephati alimwomba radhi akamwambia hakuwa amesikia, na akamwuliza alikuwa anasema nini. Evarista alijitandika tena gunia lake, ingawa mvua ilikuwa imekwisha, akamwambia kwamba upande ule wa kushoto kuna msumari haukukazwa, amtafute fundi.